Kwa nini nguzo za ishara za reli hubadilishwa

Mulekera, mjini Beni, hakuna reli. Ya karibu ni ya Kasese, ng'ambo ya Kasindi, iliyofika mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe.

Zamani, dereva wa treni aliongozwa na mkono juu ya nguzo, uliovutwa kwa waya: ukinyooka, asimame; ukishuka, apite. Mwaka 1876, huko Abbots Ripton, Uingereza, theluji iliganda kwenye mikono hiyo ikabaki ikisema "pita". Treni ziligongana, watu zaidi ya kumi wakafa. Baadaye mikono ilitengenezwa upya ili ikiharibika iseme "simama".

Lakini nguzo huliwa na kutu, waya hulegea. Abiria aliyempakata mtoto hawezi kujua. Ndiyo maana hubadilishwa mapema, hata kama bado zimesimama.