Vyombo vya udongo vya chai ku Japani: namna gani watu walivikusanya

Kati ya mwaka 1579 na 1582, padri mmoja Mwitalia, Alessandro Valignano, mkubwa wa Wayesuiti katika Asia ya mashariki, alitembelea inchi ya Japani. Shefu wa jimbo la Bungo, Otomo Sorin, alimwonyesha kichungu kidogo cha udongo cha kuwekea unga wa chai. Padri aliandika kwamba, kwa maoni yake, kichungu kile kingefaa tu kuwekwa ndani ya tundu la ndege, ili ndege apate maji ya kunywa. Kumbe shefu alikuwa amekinunua kwa tael 9.000 za feza! Valignano alishangaa, na tunafikiri kwamba wasomaji wengi wa kitabu hiki, kama wangekuwa pale, wangemuunga mukono. Ndiyo sababu tumechagua kueleza habari hii: namna gani udongo, kitu ambacho mama zetu wanachota tu kando ya mto, uliweza kupita zahabu kwa bei, na nani alikuwa na uwezo wa kuamua vile.

Tuanze na chai yenyewe, kwani haiko sawa na ile yetu ya majani meusi na sukari. Majani mabichi yanapitishwa kwa mvuke, yanakaushwa, kisha yanasagwa mpaka kuwa unga wa kijani. Unga unatiwa ndani ya bakuli, unamwangiwa maji ya moto, na unapigwapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka povu linatokea. Mtu anakunywa maji pamoja na unga wake. Namna hii ilitoka Uchina. Mtawa Eisai ndiye anayekumbukwa zaidi, juu ya mbegu alizoleta mwaka 1191. Vyombo vya kwanza navyo vilitoka Uchina, na watu wa Japani waliviheshimu sana kuliko vya kwao.

Mu karne ya 15, shogun Ashikaga Yoshimasa, yaani mkubwa wa majeshi yote, alikusanya vitu vya Uchina pale Kyoto. Alikuwa na washauri ambao kazi yao ilikuwa kuvipanga kwa daraja na kuviandikia orodha. Kuna hadithi ya bakuli moja ya rangi ya kijani, kutoka Longquan. Ilipasuka. Yoshimasa akaituma Uchina, akaomba wamtafutie ingine sawa nayo. Wale wakajibu kwamba fundi wa kufanya kitu sawa kile hayuko tena, wakaishona ile ya zamani kwa misumari ya chuma, wakairudisha. Ku Japani walipoiona walifurahi kuliko mbele! Misumari iliwakumbusha panzi, na bakuli ikaitwa Bakohan kwa sababu hiyo. Leo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Vyombo vya Longquan vilifika vilevile Kilwa na Gedi, ku pwani ya Afrika, na vipande vyake vimechimbuliwa pale. Watu wa pwani walikuwa wanapachika bakuli za Uchina ndani ya kuta za misikiti na makaburi. Wafinyanzi walikuwa wa inchi moja, lakini kila watu walikuwa na mahali pao pa kuweka kitu cha heshima.

Mageuzi yalikuja na watu watatu: Murata Juko, Takeno Joo na Sen no Rikyu. Huyu wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1522, alikuwa mtoto wa mucuruzi wa Sakai, mji wa bandari. Walifundisha kwamba uzuri uko pia mu kitu kisicho na mapambo, kilichopinda kidogo, chenye rangi ya udongo. Badala ya kutafuta tu bakuli zenye kungʼaa za Uchina, wakachukua bakuli za Korea ambazo zilifinyangwa kwa matumizi ya kila siku, wakazileta ndani ya chumba cha chai. Rikyu alimpa pia kazi fundi Chojiro wa Kyoto, ambaye alifinyanga kwa mikono bila gurudumu, bakuli nyeusi na nyekundu. Ile nyeusi inatolewa ndani ya tanuru ikiwa ingali nyekundu kwa moto, kwa koleo, na inapoa gafula. Toka pale ilianza jamaa ya Raku.

Msomaji asizanie kwamba wale walikuwa watu wa amani tupu. Ni wakati uleule vita vilikuwa vinaharibu inchi nzima, na vyombo vya chai viliingia mu siasa. Oda Nobunaga, alipoingia Kyoto mwaka 1568, alianza kuvikusanya kwa nguvu: wenyewe walilipwa, kweli, lakini nani angemukatalia mtu mwenye jeshi vile? Shefu Matsunaga Hisahide, ili kuokoa kichwa chake, alimpa kichungu kinachoitwa Tsukumo Nasu, ambacho urefu wake haufiki santimetre 7. Kisha Nobunaga alitumia vyombo kama zawadi kwa majenerali wake. Inchi ya kugawa ina mwisho. Heshima, kama unaishika vizuri, haiishi. Inasemwa kwamba mwaka 1582 jenerali Takigawa Kazumasu alipewa jimbo zima la Kozuke kama malipo ya ushindi, naye akasikitika, kwani alitumainia kichungu cha chai! Kwetu sisi walimu wa historia hapa njo mahali pa kusimama kidogo mbele ya wanafunzi: mamlaka haikuwa tu ya panga na mashamba, ilikuwa pia ya kusema kitu gani ni kikubwa.

Tufuate safari ya Tsukumo Nasu. Nobunaga alikufa mwaka 1582 mu moto wa hekalu la Honnoji, kichungu kikapona na kufikia mikono ya Toyotomi Hideyoshi. Mwaka 1615 ngome ya Osaka iliungua, na kichungu kikavunjika ndani ya majivu. Tokugawa Ieyasu, mshindi, akatuma mafundi wa rangi ya utomvu, Fujishige Togen na mwana wake, watafute vipande. Walivipata, wakaviunganisha kwa ule utomvu mpaka mtu asione alama, na Ieyasu akawaachia kichungu chenyewe kama malipo. Jamaa yao ilikitunza zaidi ya miaka 200. Wakati wetu wataalamu wamekipitisha ku radio, kama vile monganga anavyopiga picha ya mfupa, na wakaona vipande mingi chini ya utomvu. Kwa hiyo, kile watu wanachosifu leo kwa macho ni kazi ya Fujishige sawa na ya mfinyanzi wa Uchina.

Rikyu mwenyewe hakufa vizuri. Hideyoshi, ambaye alimtumikia, alimwamuru ajiue mwaka 1591; sababu zinabishaniwa mpaka leo. Mwaka 1592 Hideyoshi alituma majeshi Korea, na vita viliendelea mpaka kifo chake mwaka 1598. Wengine wanaviita «vita vya bakuli». Jina ni tamu, lakini sisi hatulipendi. Wafinyanzi wa Korea walikamatwa pamoja na jamaa zao, wakavushwa bahari, wakawekwa chini ya mashefu wa Kyushu na wa kusini ya Japani. Vyombo vya Hagi, vya Satsuma, vya Takatori, ambavyo wakusanyaji wanavitafuta sana, vilianzia kwa wale mateka. Wako waliotunza jina: jamaa ya Chin Jukan, ku Kagoshima, inafinyanga toka kizazi cha 1598 na imefika kizazi cha kumi na tano. Wengi walipotea bila jina.

Bakuli kubwa kuliko zote za Korea, kwa maoni ya Wajapani, ni Kizaemon Ido. Inaitwa kwa jina la mucuruzi wa Osaka aliyekuwa nayo. Inasimuliwa kwamba aliangukia umaskini mpaka kulinda farasi za watu, lakini akakataa kuiuza. Shefu Matsudaira Fumai aliinunua kwa sarafu 550 za zahabu, na kisha kifo chake jamaa yake iliitoa ku hekalu la Kohoan, mu Kyoto, ambako iko mpaka sasa. Mwaka 1931 mwandishi Yanagi Soetsu alipata ruhusa ya kuiona. Sanduku lilifunguliwa, ndani sanduku lingine, na lingine tena. Alipoifikia aliona bakuli ya chakula ya mtu wa kawaida, na hilo hasa ndilo lilimfurahisha.

Yale masanduku siyo mapambo tu. Mkusanyaji wa vyombo vya chai anakusanya pia mbao. Kila chombo kinawekewa sanduku la mti mwepesi, na ku kifuniko mtu mwenye ujuzi anaandika kwa wino jina la chombo: inaweza kuwa neno la shairi, la majira, au la mwenye chombo. Kila mwenye kukipokea anaweza kuongeza sanduku la inje, mfuko wa hariri, barua. Chombo bila sanduku kinashuka bei sana, hata kama ni kilekile. Hapo tunafikiri juu ya vitu vya kwetu. Vitu vingi vilivyobebwa kutoka Kongo mpaka Tervuren viliandikwa jina la Mzungu aliyevikusanya, wala si la fundi. Viti vya Kiluba vya yule waliyemwita «fundi wa Buli» vilijulikana ku Ulaya miaka mingi mbele ya kutajwa jina la Ngongo ya Chintu. Ku Japani pia majina ya wafinyanzi wa zamani yamepotea, lakini safari ya kitu iliandikwa, mkono kwa mkono.

Kisha 1868 mashefu wa zamani walipoteza majimbo yao, na wengi wakauza. Mwamerika Edward Morse, mtaalamu wa konokono za bahari, alifika mwaka 1877. Akajifunza vyombo kwa mjuzi Ninagawa Noritane, akakusanya karibu 5.000, ambavyo mwaka 1892 vilinunuliwa na makumbusho ya Boston. Aliyafuata majina ya wafinyanzi na alama zao kama vile alivyopanga konokono. Matajiri wa viwanda wa Japani nao walinunua: Iwasaki Yanosuke, ndugu wa mwanzilishi wa Mitsubishi, ndiye aliyepata Tsukumo Nasu, na mwana wake Koyata alinunua mwaka 1934 bakuli nyeusi ya Fujian yenye madoa ya buluu. Inasemwa kwamba Koyata hakuthubutu kuinywea.

Tusisahau udanganyifu. Mwaka 1959 serikali iliheshimu mtungi mmoja wenye tarehe ya 1294 kama mali ya taifa. Mfinyanzi Kato Tokuro akasema baadaye kwamba ni kazi yake, na mwaka 1961 heshima ile ilifutwa. Mwenzake Arakawa Toyozo alifanya kinyume. Mwaka 1930 aliangalia bakuli nyeupe ya Shino, ambayo wote walisema ni ya Seto, akaona kipande cha udongo kimebakia chini yake, na rangi yake haikuwa ya Seto. Akaenda milima ya Mino, akachimba kwa mikono, akapata kigae chenye picha ya chipukizi la mwanzi sawa na ile aliyoiona. Vitabu vya historia vililazimika kuandikwa upya juu ya kigae kimoja.

Jamaa ya Raku ingali inafinyanga mu Kyoto. Mwaka 2019 mkubwa wa kizazi cha 15 alimwachia mwana wake jina la Kichizaemon. Udongo ambao mtu wa kizazi kimoja anachimba, anauweka kwa ajili ya watakaomfuata, na yeye anafinyanga ule ambao wazee wake walimwekea.