Dripu ya ketamini

Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, ketamini inajulikana kwa kazi moja: nusu kaputi. Mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa, baada ya muda mfupi hana habari, daktari anaanza upasuaji. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1985. Hospitali ndogo zinaipenda kwa sababu, tofauti na dawa nyingine za nusu kaputi, kwa kawaida haimkatizi mgonjwa pumzi.

Kliniki nyingi za Marekani sasa zinaitumia dawa hiyohiyo kwa watu wenye sonona sugu, ile ambayo vidonge vya kawaida vimeshindwa kuituliza. Anayeieleza huduma hii kwa Kiswahili hujaribiwa kusema “tiba ya dawa ya usingizi”. Jina hilo linapotosha. Mgonjwa atakuja akitarajia kulazwa usingizi, kumbe atakuwa macho muda wote. Afadhali dripu ya ketamini.

Dripu ni neno la wodini ambalo kila mtu analijua. Husemwa fulani ametundikiwa dripu. Linabeba jambo ambalo “kuingiza dawa mshipani” halilisemi, yaani mwendo wa polepole. Kipimo kilichozoeleka kwa sonona ni miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kikiingia kwa dakika 40, aghalabu kwa pampu. Mtu wa kilo 70 hupata miligramu 35. Kwa nusu kaputi ya mshipani, huyohuyo angeweza kupewa miligramu 70 hadi 140 kwa dakika moja hivi.

Siku ya dripu, mgonjwa huambiwa asile kwa saa kadhaa kabla. Hupimwa presha, huwekewa kanula mkononi, kisha huketi kwenye kiti cha kuegemea. Dawa ikikolea, midomo hufa ganzi, sauti za chumbani husikika kama zinatoka mbali, na kitu kimoja huweza kuonekana viwili. Wengine huhisi wametoka mwilini mwao. Hali hii wataalamu wameipa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita mtengano. Kwa ketamini, jina hilo la asili lilipendekezwa na Toni, mke wa Edward Domino, mtafiti aliyekuwa miongoni mwa waliowapa binadamu ketamini kwa mara ya kwanza mwaka 1964. Mtengano huwatisha baadhi ya watu, hivyo mgonjwa aelezwe mapema kwamba utakuja na utapita. Muuguzi huendelea kupima presha kwa kuwa hupanda, na kichefuchefu si ajabu. Dripu ikiondolewa, hali hiyo hupungua ndani ya saa moja au mbili. Kuendesha gari ni mpaka kesho yake.

Neno tiba nalo lisimfanye mtu aone kupona kumehakikishwa. Mwaka 2006, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 17 waliopewa dripu moja. Siku iliyofuata, asilimia 71 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Waliobaki na nafuu hiyo kwa wiki nzima walikuwa asilimia 35. Ndiyo sababu kliniki nyingi hutoa dripu sita ndani ya wiki mbili au tatu, kisha nyingine kwa nafasi. Mwenye presha isiyodhibitiwa au anayesikia sauti zisizokuwapo huenda akakataliwa. Wanaoitumia dawa hii kiholela kwa muda mrefu, nao, wanaweza kuharibu kibofu.

Neno dripu linasaidia pia kisheria. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha esketamini kwa sonona sugu. Hiyo hupulizwa puani, na mgonjwa huangaliwa kwa saa mbili. Ketamini ya mshipani haijapewa idhini hiyo. Daktari huitumia kwa sonona kwa uamuzi wake wa kitaaluma. Kwa hiyo mwandishi aandike nusu kaputi ya ketamini kwa upasuaji, esketamini ya puani kwa ile ya kupuliza, na dripu ya ketamini kwa hii ya dakika 40. Akizichanganya, msomaji hatajua ni dawa ipi iliyoidhinishwa wala kama atalala au atakaa macho.