Irabu na miambatano ya konsonanti: shughuli za mikono kwa wanaoanza kusoma Kamina

Foniki ni njia ya kufundisha kusoma inayoanza na sauti. Mtoto huisikia sauti, huonyeshwa herufi inayoibeba, kisha hujifunza kuziunganisha sauti mpaka neno litoke. Shughuli za mikono, kama kupiga makofi, kusogeza vifuniko vya chupa au kupanga kadi, humsaidia kukitenda kile anachokisikia kabla hajakisoma ubaoni.

Mazingira ya lugha

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mgawanyo wa majimbo wa 2015, ni njia panda ya reli za kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Watoto wengi hapa husema Kiluba na Kiswahili cha Katanga, na darasani hukutana na Kifaransa. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazikubali lugha za taifa na lugha za mazingira kama lugha za kufundishia na pia kama somo. Kwa hiyo mwalimu ana ruhusa ya kuanzia pale ulimi wa mtoto ulipo, na ndipo panapofaa kuanzia.

Irabu

Kiswahili kina irabu tano, *a, e, i, o, u*, na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Silabi nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo *Ka-mi-na* na *Bu-ka-ma* husomeka mapema. Penye irabu mbili mfululizo, kila irabu ni silabi. *Kata* lina makofi mawili, *ka-ta*; *kataa* lina matatu, *ka-ta-a*. Vivyo hivyo *kufa* na *kufaa*. Mwalimu hutamka neno moja kati ya hayo, watoto hupiga makofi, na hapo hapo hujulikana nani amesikia tofauti na nani bado. Zoezi hili lina uzito wa pekee Kamina, kwa kuwa Kiluba hutofautisha irabu fupi na ndefu. Sikio la mtoto limekwisha kuzoea kazi hiyo.

Aina za miambatano

Kuna aina tatu zinazohitaji somo lake kila moja. Ya kwanza ni ya puani: *mb, nd, ng, nj, nz*, kama katika *sombe* na *ndizi*. Ya pili huishia kwa *w* au *y*: *kw, bw, mw, vy*, kama katika *kwetu* na *vyombo*. Ya tatu ni *m* inayosimama peke yake kama silabi: *m-to-to*, *m-ti*, *m-ka-te*.

Aina ya tatu ndiyo inayowatatiza watoto wa Katanga, kwa sababu wao husema *mutoto*, *muti*, *mukate*, ilhali vitabu vya Kiswahili bora huandika *mtoto*, *mti*, *mkate*. Makofi hutatua jambo hili. *Mu-to-to* ni makofi matatu, na *m-to-to* pia ni matatu. Mwalimu humwonyesha mtoto kwamba pigo lake limebaki pale pale. Irabu tu ndiyo haikuandikwa. Hakuna haja ya kumwambia kuwa lugha ya mama yake ina kosa.

Shughuli

*Vifuniko na visanduku.* Njia hii ilienezwa na Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Urusi ya Kisovieti. Mwalimu huchora visanduku vinne sakafuni na kutamka *mbuzi*. Mtoto husogeza kifuniko kimoja kwa kila sauti: *mb*, *u*, *z*, *i*. Kisha huandika herufi ndani ya visanduku na kuona kuwa cha kwanza kimebeba herufi mbili, *m* na *b*, zinazotamkwa kwa mkupuo mmoja.

*Herufi za kugusa.* Maria Montessori, aliyefungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, alitumia herufi za karatasi ya msasa. Mchanga ndani ya sinia unatosha. Mtoto huandika *nd* kwa kidole huku akiitamka, si baada ya kuitamka.

*Treni ya silabi.* Kadi za katoni hupangwa kama treni. Kichwa ni *mb*, behewa ni irabu. Behewa likibadilishwa, husomwa *mba, mbe, mbi, mbo, mbu*. Baadaye huongezwa behewa jingine ili lipatikane neno zima. Majina ya maeneo ya jimbo yanafaa sana: *Ka-bo-ngo*, *Ma-le-mba*.

*Gurudumu.* Duara mbili za katoni hufungwa katikati kwa msumari mdogo. Ya nje ina *kw, bw, mw*; ya ndani ina *a, e, i*. Kila mzunguko huleta silabi ya kusoma, hata isiyo na maana, na hiyo huonyesha kama mtoto anasoma kweli au amekariri.

Kuelekea Kifaransa

Kifaransa huleta *tr, pl, cl, br*, miambatano isiyo ya kawaida katika Kiluba. Ulimi uliozoea silabi wazi huelekea kuchomeka irabu katikati, na *plume* likawa na silabi ya ziada. Makofi yale yale hutumika: *train* lina kofi moja tu. Lakini kazi hii isianze kabla mtoto hajaimudu miambatano anayoisema kila siku, kwa sababu anayejua jinsi *m* na *b* zinavyoungana ameshapata ufundi wa kuunganisha *t* na *r*.

Mpangilio na mipaka

Mpangilio unaofaa ni silabi wazi, irabu mbili mfululizo, miambatano ya puani, ya *w* na *y*, *m* ya silabi, kisha Kifaransa. Tangu elimu ya msingi kutangazwa bure mwaka 2019, madarasa mengi nchini yamejaa, hivyo kazi za mikono hufanyika vizuri katika vikundi vidogo vinavyopokezana vifaa.

Michezo hii haitoshi peke yake. Kila somo limalizike kwa sentensi yenye maana, isomwe na mtoto mwenyewe, ili ajue kwamba sauti alizozishika kwa vidole zimekuwa habari.