Wadosi Saba Walioacha Biashara Florence

Kila wiki kuna msee anatangaza mtandaoni ameacha kazi afuate ndoto yake. Picha kali, maneno matamu, sisi tunapiga makofi. Hakuna anayeuliza nani atalipa nyumba mwisho wa mwezi. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hilo swali tunajuana nalo.

Sasa sikia hii ya Florence, Italia, mwaka wa 1233. Wanaume saba, wafanyabiashara wa vitambaa vya sufu, watu wa doo na majina makubwa. Si mapadri, si watawa. Walei tu, wanachama wa kikundi cha kumwimbia Bikira Maria. Na mji wenyewe ulikuwa moto, koo za matajiri zinauana. Mwaka wa 1216 kijana anaitwa Buondelmonte alimwacha mchumba wake wa ukoo wa Amidei, akauawa kwa hilo. Mapokeo yanasema mmoja wa hawa saba, Amadio, alikuwa wa ukoo huo huo. Kwa hivyo ukisikia "waliacha dunia", usifikirie pesa peke yake. Kulikuwa pia na uadui wa kurithi.

Kinachonibamba zaidi ni vile waliondoka. Baadhi yao walikuwa na familia. Kabla ya kutoka walipanga kwanza mahitaji ya watu wao, kisha mali iliyobaki wakapea maskini na Kanisa. Mahubiri mengi huruka hiyo sehemu ya hesabu, yanakimbilia mlima. Kwangu mimi hesabu ndiyo ngumu. Mlima ni miguu tu.

Mlima nao ulikuja. Walianzia nje kidogo ya kuta za mji, lakini watu hawakuwapa nafasi ya kutulia, wakahamia Monte Senario, kilomita kama 18 hivi kutoka Florence. Hapo ndipo shirika lao, Watumishi wa Maria, lilishika mizizi. Halafu likaponea chupuchupu: Mtaguso wa Lyon wa 1274 uliyabana mashirika mapya yaliyoishi kwa kuomba sadaka. Kibali kamili kilitoka kwa Papa Benedikto XI mwaka wa 1304.

Piga hesabu, ni miaka 71. Kati ya wale saba alikuwa amebaki mmoja, Alessio Falconieri. Huyu alikataa upadri maisha yake yote, akabaki bradha wa kawaida, mtoto wa tajiri anayezunguka akiomba sadaka ili wenzake wale. Alikufa 1310. Mapokeo yanampa miaka 110.