Mbao na Mvua: Historia ya Uwemba na Njombe

Uwemba iko kusini mwa mji wa Njombe, kwenye miinuko ya yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua huingia Novemba, hukatika Mei, na Juni na Julai sakitu huonekana alfajiri kwenye mashamba ya viazi. Kisha jua la mlimani huchoma mchana kutwa. Ubao ulioachwa nje hapa huvimba na kunywea mwaka mzima, na kila unaponywea hupasuka ufa mpya wa kuingizia maji.

Katika nyumba za kale za Wabena, wenyeji wa hapa, kazi ya kuhifadhi mbao ilifanywa na moto wa jikoni. Moshi ulipanda kila siku, ukakausha fito na nyasi za paa, ukaweka masizi yaliyofukuza wadudu. Hakuna aliyehitaji kununua kitu. Yalipokuja mabati na jiko likahamia nje, paa lilipoteza mlinzi wake, na sidhani kama wengi walilitambua hilo.

Milango na madirisha ya mbao za kupasuliwa yaliletwa na misheni. Watawa Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, wakajenga karakana za useremala zilizofunza vijana wa kusini, na Uwemba nayo ikawa misheni yao. Useremala huo ulikuja na randa, msasa na rangi ya mafuta.

Mwaka 1949 Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, TANWAT, ilianzishwa Njombe. Miwati ilipandwa kwa ajili ya magome yake, ambayo dawa yake hulinda ngozi zisioze. Baada ya miwati ikaja misindano (paini) na milingoti (mikaratusi), kwanza katika mashamba makubwa, kisha katika viunga vya wananchi. Leo familia nyingi zina kishamba cha miti, na malori yanayoshuka Makambako kuingia barabara kuu ya Dar es Salaam yamejaa mbao.

Tatizo ni kwamba msindano hauna kinga yake. Wengi huuvuna mchanga, ukiwa bado ni mweupe na laini, na baada ya wiki chache za unyevu ukungu wa rangi ya bluu huutia madoa. Ndipo mitambo ya dawa ilipopata kazi. Nguzo au mbao zilizokauka huingizwa kwenye tangi refu la chuma, hewa hufyonzwa, halafu dawa husukumwa ndani kwa shinikizo. Dawa ya kijani ina shaba ya kuua ukungu, aseniki ya kuua mchwa na kromu ya kuvishikilia ndani ya mti. Ilibuniwa na Mhindi Sonti Kamesan mwaka 1933. Ndiyo iliyowezesha mlingoti kusimama ardhini miaka mingi ukiwa nguzo ya umeme. Kwa sababu ya aseniki, vipande vya mbao hizo visitumike kupikia kamwe.

Dawa, hata hivyo, haizuii jua wala maji. Inama mbele ya mlango wowote wa nje, upapase ukingo wake wa chini: mara nyingi ni ubao mtupu, mweusi, umelainika. Fundi alipaka vanishi uso unaoonekana, akaacha vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, na vichwa ndivyo vinavyokunywa maji kwa kasi kuliko ubavu. Wengine hupaka oili chafu ya magari. Mimi naikataa: ina sumu, huchafua udongo, na rangi haishiki tena juu yake.

Mafundi wa majahazi pwani wana nidhamu tunayoikosa. Mbao za juu hupakwa sifa, mafuta ya papa. Za chini hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena maisha yote ya chombo.

Basi ukijenga Uwemba, nunua mbao zilizokauka, maana rangi juu ya ubao mbichi hufungia maji ndani. Ukikata mbao za dawa, paka dawa tena pale ulipokata. Mlango upakwe pande zote sita kabla haujatundikwa, vichwa vipakwe mara mbili, na kila kiangazi, kabla ya Novemba, piga msasa upake upya.