"Lakini angalau amejenga": uzi kuhusu sultani, jumba na mfereji

1/ Jumamosi kwa kinyozi hapa Makadara mjadala uliwaka. Jamaa akasema, "Wote ni walewale, lakini yule angalau amejenga." Watu wakanyamaza kana kwamba kesi imeisha. Mimi nilikuwa nimenyolewa nusu kichwa, sikujibu vizuri. Wacha nijibu hapa. Sitaji mwanasiasa wala chama. Nitataja sultani.

2/ Sayyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, pale ufuoni Mji Mkongwe. Veranda pana, nguzo za chuma, milango mikubwa ya kuchongwa. Na halikuwa hata la kuishi, lilikuwa la sherehe. Ukiingia bandarini kwa meli, hulikosi.

3/ Pesa zilitoka wapi? Ushuru wa forodha, pembe za ndovu, karafuu. Mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, Barghash alikubali kufunga soko la watumwa. Lakini utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Zanzibar hadi 1897. Kwa hivyo wengi waliochuma ile karafuu hawakuwa watu huru. Usitafute majina yao pale mlangoni.

4/ Je, jumba lilimpa nguvu? Mwaka 1886, miaka mitatu tu baadaye, Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana bara, yeye wakamwachia ukanda wa maili 10 wa pwani. Kufikia 1890 Zanzibar yenyewe ilikuwa chini ya Uingereza. Agosti 27, 1896, mizinga ya meli za Waingereza ilipiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Jumba la Maajabu likabaki limesimama. Baadaye likawa ofisi za serikali ya hao hao Waingereza.

5/ Sasa tumpe haki yake. Barghash huyo huyo alivuta maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Kabla ya hapo watu walitegemea visima, na kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimeua maelfu. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Lakini nani huenda Zanzibar kupiga picha na bomba?

6/ Desemba 25, 2020, sehemu ya Jumba la Maajabu iliporomoka likiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walifariki. Jengo hukata utepe siku moja, lakini hudai matunzo kila mwaka. Na pesa za matunzo hazina picha ya kampeni.

7/ Mtaniambia hayo ni ya Zanzibar. Haya, turudi Eastlands. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 na serikali ya kikoloni, na wafungwa wa vita Waitaliano walitumiwa kwenye ujenzi. Nyumba za mawe, ukumbi katikati, na nyingi bado zinakaliwa. Kwa hivyo mkoloni naye "alijenga". Lakini ndani ya ukumbi huo huo watu walikutana kudai uhuru. Walikaa kwenye viti vyake, chini ya paa lake, wakasema aende. Hakuna aliyewaambia, "Lakini angalau amejenga," wakarudi nyumbani.

8/ Sisemi tusijenge. Nasema ukisikia "amejenga", usinyamaze kama sisi pale kwa kinyozi. Uliza: Amejenga kwa pesa za nani? Nani anaingia humo, na nani anapita nje? Nani atalitunza utepe ukishakatwa? Na kitu gani hakikujengwa ili hicho kijengwe?

9/ Kwetu mfereji hutoa maji usiku wa manane, siku mbili kwa wiki, tena ukibahatika. Mamangu huamka saa tisa usiku kupanga mitungi, na mgongo wake si wa kuinua lita 20. Nikimwonyesha picha ya jengo jipya kwa simu, huuliza kitu kimoja tu: "Hapo maji yanafika?"

10/ Jumamosi narudi kunyolewa nusu iliyobaki ya mjadala. Nawe niambie: mtaani kwenu mfereji ulitoa maji lini mara ya mwisho?