Uziwi wa kurithi wa kanari Waterslager

Uziwi wa kurithi wa kanari Waterslager ni upungufu wa kusikia unaowapata kanari wa aina ya Waterslager kutoka Ubelgiji, ambao ni ndege wa kufugwa wa spishi Serinus canaria, jamaa wa chiriku. Ndege hao si viziwi kabisa. Sauti nzito huzisikia karibu sawa na kanari wengine, lakini sauti nyembamba, zenye masafa ya zaidi ya hezi 2000, huzisikia tu zikiongezewa nguvu kwa desibeli 20 hadi 40.

Jina Waterslager ni la Kiholanzi na linahusu wimbo wao, unaofanana na maji yanayobubujika. Kwa vizazi vingi wafugaji waliwachagua madume wenye sauti nzito ili wazaliane, na pamoja na wimbo huo walieneza uziwi bila kujua. Haikuwa rahisi kuugundua, kwa kuwa ndege aliyeathirika huimba vizuri. Ulitambuliwa mwaka 1985, Kazuo Okanoya na Robert Dooling walipopima usikivu wa kanari wa makundi mbalimbali nchini Marekani.

Tatizo liko katika sikio la ndani, kwenye seli zenye vinywele zinazopokea mitikisiko ya sauti. Waterslager wana seli hizo pungufu kwa takriban 30%, na nyingi kati ya zilizobaki zina umbo lisilo la kawaida. Jambo hili linashangaza, maana ndege, tofauti na binadamu na mamalia wengine, huweza kuotesha upya seli hizo zikiharibika. Hata Waterslager wazima huendelea kutengeneza seli mpya, ila pengo halizibiki. Kwa sababu hiyo wanasayansi wanaotafuta tiba ya uziwi wa binadamu huwachunguza.

Machotara wa Waterslager na kanari wa kawaida walionekana kusikia vizuri, dalili kwamba jeni husika ni fiche. Utafiti wa mwaka 2004 uliihusisha na kromosomu Z. Kwa ndege, dume ana Z mbili na jike ana Z moja na W. Hivyo jike huathirika kwa nakala moja tu ya jeni hiyo, naye dume huhitaji mbili. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba baadhi ya sifa za wimbo wa Waterslager pia hurithiwa kupitia Z.